Kamba bastola, kamba vunjajungu, kaa bondia au pweza: nani aingie kwenye tangi lako la matumbawe?

Mnyama aliyenifundisha kuchagua ni tufaha bahari. Ni wa ukoo wa jongoo bahari, lakini hatambai mchangani kama ndugu zake. Hujishikiza juu ya jiwe akafungua minyiri yake kama ua, mwili wa zambarau, mistari ya miguu ya manjano. Nilimwona dukani nikamlipia palepale. Sikuuliza anakula nini, na aliyeniuzia hakuniambia. Miezi minne baadaye alikuwa amesinyaa akabaki nusu ya alivyokuja. Usiku mmoja aliliachia jiwe, mkondo ukambeba hadi mdomoni mwa pampu. Alfajiri nilikuta samaki sita wamelala ubavu, na juu ya maji kuna povu lisilovunjika.

Jongoo bahari wengi hubeba sumu ya jamii ya saponini, na wakijeruhiwa huiachia. Baharini sumu hiyo huyeyukia kwenye maji yasiyo na mwisho. Kwenye lita 300 haina pa kwenda, na kinachoumia kwanza ni matamvua ya samaki.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza amnunue mnyama gani wa ajabu asiye na uti wa mgongo, namuuliza mimi maswali mawili kabla ya habari za rangi. Chakula chake utakipata wapi kila wiki? Na siku akiumia au akifa, atawafanyia nini wenzake? Hapa chini nimewapanga wawiliwawili, kila mmoja kando ya yule ambaye watu humchanganya naye au hushindwa kuchagua kati yao. Pweza nimempa nafasi yake peke yake, kama anavyotaka mwenyewe.

Maji kwanza, maana hayana ubaguzi

Wote niliowataja wanataka joto la nyuzi 24 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, amonia sifuri, na tangi lililokwisha kukaa miezi sita au zaidi hadi mawe yakashika uhai: mwani mgumu wa waridi, minyoo, vijidudu vinavyotoka usiku taa zikizimwa. Tangi la wiki tatu lina maji safi lakini halina chakula.

Sisi wa Mombasa tunapambana na joto. Februari na Machi maji ya tangi hufika nyuzi 30 bila hita yoyote, na maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa sababu maji hukauka. Lakini chumvi haikauki, kwa hiyo kila siku ongeza maji matamu yaliyochujwa, si maji ya bahari, la sivyo chumvi itapanda huku ukidhani unasaidia. Mwenye tangi Nairobi ana shida ya upande wa pili: Julai hana ujanja bila hita. Na popote ulipo, nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua mnyama. Stima ikikatika usiku wa joto, una saa chache tu.

Kisha kuna shaba. Dawa nyingi za ugonjwa wa madoa meupe wa samaki zina shaba, na kipimo kinachomponya samaki humuua kamba, kaa, konokono na pweza. Shaba hiyo hunywewa na mawe na mchanga, halafu ikarudi majini kidogokidogo kwa muda mrefu. Ukiuziwa tangi kuukuu, muulize mwenyewe kama aliwahi kutia dawa. Asipokumbuka, mawe yake yaache.

Kamba bastola na kamba vunjajungu

Hawa huchanganywa kila siku kwa sababu wote wawili hupiga, na wote wawili husikika. Usiku nyumba imetulia, unasikia "ta!" kutoka sebuleni, unaamka ukidhani kioo kimepasuka. Wote wawili hupiga kwa kasi inayozalisha kipovu majini, na kipovu kikiporomoka ndipo nguvu inatoka. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Kamba bastola ana gando moja lililokua kuliko jingine, karibu nusu ya mwili wake. Hulifunga ghafla likarusha mchirizi wa maji, kipovu kikazaliwa nyuma ya mchirizi huo. Zamani watu walidhani mlio ni wa gando kugongana. Mwaka 2000 Michel Versluis na wenzake walionyesha kuwa mlio ni wa kipovu kinachoporomoka, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kipovu hicho hutoa hata mwako wa mwanga, mfupi kiasi kwamba jicho la binadamu haliuoni. Silaha yote hiyo ni kwa ajili ya vijidudu vinavyopita mlangoni na kwa ajili ya majirani wasumbufu. Samaki wako wa kawaida hana sababu ya kumwogopa.

Uzuri wake hasa hauko kwenye mlipuko. Aina kama Alpheus randalli, mwenye mistari myekundu na meupe, na Alpheus bellulus, mwenye madoa ya kahawia, huishi shimo moja na samaki mdogo aitwaye gobi. Kamba macho yake ni mabovu. Gobi anaona vizuri lakini hawezi kuchimba. Kamba huchimba kutwa nzima, anasukuma mchanga nje kama tingatinga, na kila akitoka huweka papasi yake moja juu ya mwili wa gobi. Gobi akiona hatari hutikisa mkia, kamba akarudi ndani kinyumenyume. Hatari ikikaribia, gobi naye huingia kichwa mbele. Nimetazama jambo hili kwa miaka na sijalichoka. Watoto wa dada yangu wakija nyumbani hawawashi televisheni, huketi sakafuni mbele ya shimo.

Wanachotaka wawili hawa ni kidogo. Lita 80 zinatosha. Mchanga uwe wa kina cha sentimita tano hadi nane, uliochanganywa na vipande vya matumbawe yaliyokufa ili handaki lisiporomoke. Jambo la kuzingatia sana ni mawe: yakalishe juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake, na jiwe la kilo nne litamwangukia yeye au litapiga kioo. Funika tangi kwa wavu, kwa sababu gobi huruka. Chakula ni uduvi uliogandishwa na vipande vidogo vya kamba wa kula. Mdondoshee karibu na mlango wa shimo, maana hatoki mbali. Akifa, ni kamba mmoja mdogo amekufa. Konokono na minyoo watammaliza kabla hujajua.

Kamba vunjajungu ni kiumbe mwingine kabisa. Si kamba kwa nasaba ya karibu. Jina amelipata kwa namna anavyokunja mikono kifuani kama mdudu vunjajungu anayekaa kwenye majani. Wapo wanaochoma, wenye mikono ya miiba, wakingoja shimoni samaki apite. Wapo wanaoponda, wenye kiwiko kigumu kama nyundo. Anayetafutwa na watu ni Odontodactylus scyllarus, wa kijani, bluu na chungwa, ambaye bahari yetu ya Afrika Mashariki ni sehemu ya makazi yake. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake walipima pigo lake wakapata kasi ya hadi mita 23 kwa sekunde, mkono ukifyatuka ndani ya maji. Kaa na konokono hupasuliwa kama njugu.

Macho yake husimuliwa sana, kwamba ana aina 12 za vipokea rangi ilhali sisi tuna tatu. Ni kweli anazo. Lakini jaribio lililochapishwa 2014 lilionyesha kwamba kutofautisha rangi zinazokaribiana humshinda, sisi tunamzidi. Inaelekea yeye huzitambua rangi upesi, bila kuzilinganisha kwa makini. Kinachonigusa mimi zaidi ni jinsi anavyokutazama. Jicho moja linakufuata wewe, la pili linakagua mkono wenye chakula. Baada ya mwezi atakujua saa zako.

Gharama yake ni kwamba tangi linakuwa lake. Konokono wasafishaji, kaa, kamba wengine, samaki anayelala chini: wote ni chakula. Kwa hiyo humwongezi kwenye tangi ulilonalo, unamjengea la peke yake, lita 100 hadi 150. Taa iwe hafifu, kwa sababu vunjajungu hawa, hasa wakubwa, hupata ugonjwa wa gamba kuoza wakikaa kwenye mwanga mkali au wakikosa shimo refu la kujificha. Kipande cha bomba la plastiki, kirefu mara mbili ya mwili wake na chenye milango miwili, kilichofukiwa chini ya mawe, humpa usalama. Habari za kuvunja kioo zipo, ingawa si za kila siku. Weka ubao wa plastiki sakafuni mwa tangi anapochimba, na uchague kioo kinene. Usimlishe kwa vidole. Tumia koleo ndefu.

Chakula chake huku Pwani si shida: kaa wadogo, kome, konokono, kamba mwenye ganda lake. Ganda ni lazima, kwa sababu linampa kazi. Hujivua gamba kila baada ya miezi kadhaa; hapo hufunga mlango kwa vipande vya mawe na hali kitu kwa siku nyingi. Wengi humdhania amekufa wakabomoa shimo, wakamwua wao wenyewe akiwa laini. Mwache.

Kama hukununua yeyote kati yao na bado unasikia mlio, basi umeingiziwa na mawe. Tazama konokono wako. Wakiwa wazima, huyo ni bastola, muache aishi. Ukikuta magamba yamepasuliwa na samaki wanapungua, ni vunjajungu. Tafuta shimo lake usiku kwa tochi nyekundu, toa jiwe zima, lishike juu ya ndoo ya maji ya tangi kisha mimina maji ya soda shimoni. Atatoka mbio. Naomba usimwue, mjengee ndoo yenye pampu mpaka apatikane mtu wa kumfuga.

Kati ya wawili hawa, mtu mwenye tangi moja la matumbawe achukue bastola na gobi wake, bila kusita. Vunjajungu ni wa mtu aliyeamua kuwa na tangi la pili na anayependa mnyama mmoja kuliko bustani nzima.

Kaa bondia na kamba harlekini

Wote wadogo, wote wazuri kupita kiasi, wote huuzwa kwa maneno matamu. Tofauti yao ni ya chakula tu, na ni tofauti kubwa kama ya paka na ng'ombe.

Kaa bondia, Lybia tessellata, hafiki sentimita tatu. Mgongo wake una michoro kama dirisha la vioo vya rangi, na kwenye kila gando ameshika anemoni hai, mnyama laini mwenye minyiri inayochoma, mdogo kama kichwa cha kiberiti. Akitishwa huwanyoosha mbele, kulia, kushoto, kama bondia ulingoni. Akila huwatumia kama vitambaa vya kupangusia: anafuta jiwe, chembe za chakula zinanata kwenye anemoni, naye anazidokoa. Mwaka 2017 watafiti kutoka Israeli walichapisha uchunguzi wa ndugu yake wa Bahari ya Shamu. Wakimnyang'anya anemoni mmoja, kaa humpasua aliyebaki akawa wawili, na kila nusu hukua. Wakimnyang'anya wote na kumweka na mwenzake, hupigana hadi akampora kipande. Yaani huyu kaa ni mfugaji kama wewe.

Anakula mabaki: uduvi, chembe za chakula cha samaki, chochote kinachotua. Akifa hachafui kitu. Shida yake ni moja, nayo inawaumiza wengi: kwenye tangi la lita 400 hutamwona tena maisha yako yote. Mweke kwenye tangi dogo la lita 30 au 40, lenye mawe machache na mkondo mpole, na usimchanganye na samaki wanaowinda kaa wadogo. Tangi dogo nalo lina adhabu yake, kwa sababu chumvi hupanda kwa siku moja tu ukisahau kuongeza maji. Kwa hiyo kaa bondia anamfaa mtu wa nyumbani, si msafiri.

Kamba harlekini ni mweupe kama maziwa mwenye madoa makubwa ya waridi au buluu, na magando mapana kama majani. Huishi wawiliwawili, na wakiwa wameshikana juu ya jiwe mtu anaweza kusahau chai yake ikapoa. Lakini anakula kitu kimoja tu duniani: viti vya pweza, yaani nyota wa baharini, si pweza mwenyewe. Hakuna chakula cha pakiti kitakachomdanganya. Humpindua mnyama huyo chali, akaanza kumla ncha ya mkono akielekea katikati, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, mwenye kuliwa akiwa hai muda mwingi.

Sasa rudi kwenye swali langu la kwanza. Kila wiki mbili hivi utahitaji angalau mkono mmoja wa kiti cha pweza kwa ajili ya wawili hao, mwaka mzima. Utavipata wapi? Huku kwetu watu husema "si viko tele pwani?" Viko, hasa vile vyekundu vyenye vinundu, Protoreaster lincki, kwenye nyasi za bahari maji yakipwa. Lakini hukua taratibu, na tayari hukaushwa kwa maelfu wauziwe watalii. Siwezi kukushauri uwatoe kwenye nyasi kila mwezi kulisha pambo. Njia ninayoikubali ni ya mtu mwenye tangi lililovamiwa na viti vya pweza vidogo vya Asterina, vile vya sentimita moja vinavyozaana kwa kujigawa kwenye kioo. Harlekini atavimaliza. Kisha mpe rafiki mwenye tangi jingine lililovamiwa, au fuga Asterina kwenye ndoo ya pembeni kama anavyofuga kuku mwenye mwewe. Bila mpango huo, atakufa na njaa polepole mbele ya macho yako, mweupe na mzuri mpaka siku ya mwisho, na hilo ndilo linalowafanya watu wasijue kwamba ana njaa.

Kwangu hapa hakuna shindano. Bondia.

Pweza

Shangazi yangu wa Gazi alikuwa anashuka mwambani bamvua likitoa maji, mchokoo mkononi, na kutoka mbali alijua shimo la pweza kwa magamba ya kaa yaliyotupwa mlangoni. Kwa hiyo sisi tumekua tukimjua pweza kwa mchuzi wa nazi. Kumjua kwa kumtazama ni jambo jingine. Atakuchungulia kutoka shimoni, atageuka kutoka kahawia kuwa mweupe wenye vinundu, atakurushia maji akichoka kusubiri chakula, atafungua chupa yenye kaa ndani.

Ninampenda kuliko wote walioandikwa hapa, na ndiye ninayemkataza zaidi.

Kwanza umri. Pweza wa kawaida wa mwambao wetu, Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja na kidogo tu. Anayeuzwa akiwa na ukubwa wa kiganja ameshatumia sehemu kubwa ya maisha yake. Jike akitaga huacha kula, hulinda mayai na kuyapulizia maji mpaka yaangue, kisha hufa. Utafunga tangi lote kwa ajili ya miezi michache. Aina hiyo hata hivyo ni kubwa mno kwa nyumba. Minyiri yake ikinyooshwa hupita urefu wa matangi mengi. Aina ndogo kama Abdopus aculeatus inafaa zaidi, kwa lita 200 au zaidi, peke yake. Wale wadogo wenye pete za buluu huuzwa nchi nyingine. Mate yao yana tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju, na haina dawa ya kuizima. Hao hawana nafasi katika nyumba yenye watu.

Pili, kutoroka. Mwili wake hauna mfupa, na popote mdomo wake mgumu unapopita, mwili wote utapita. Mwaka 2016 pweza aitwaye Inky alitoka kwenye tangi lake katika akwaria ya taifa ya New Zealand mjini Napier, akatambaa sakafuni, akaingia bomba la maji taka lielekealo baharini. Huyo alikuwa mahali penye wataalamu. Kifuniko chako kiwe kizito, chenye kufuli, na kila tundu la waya lizibwe kwa sifongo ngumu.

Tatu, maji. Anakula sana na anachafua sana, kwa hiyo kitoa povu, kile kifaa kinachoondoa uchafu majini kwa mapovu, kiwe cha tangi mara mbili ya lake. Damu yake hubeba oksijeni kwa protini yenye shaba, kazi ambayo haifanyi vizuri kama damu yetu, na ndiyo sababu stima ikikatika usiku wa Machi yeye hutangulia kufa. Akiogopa hutoa wino. Kwenye tangi dogo wino huo unaweza kumziba matamvua mwenyewe. Badilisha maji mara moja na utie makaa ya kuchujia.

Ukimlinganisha na vunjajungu, kwa sababu wote wawili wanataka tangi lao peke yao na wote wawili wanakutazama, vunjajungu anashinda kwa mtu wa kawaida: anaishi miaka kadhaa, hatoroki, hachafui sana, na kukatika kwa stima hakumwui upesi. Pweza anashinda kwa jambo moja tu, akili, na kwa baadhi ya watu jambo hilo ndilo lote. Kama wewe ni mmoja wao, fuga vunjajungu miaka miwili kwanza kwa maji yasiyoyumba, ndipo uje kwa pweza.

Jongoo wa mchangani, na wanaostahili kubaki baharini

Simchukii jongoo bahari kwa kosa la tufaha. Jongoo anayekula mchanga, kama Holothuria hilla au Holothuria edulis, ni mfanyakazi mtulivu: humeza mchanga, hula utando na uchafu, hutoa mchanga mweupe nyuma. Sumu anayo, lakini haanzi na njaa kama tufaha, kwa hiyo hali ya kumfikisha kwenye pampu ni nadra. Masharti mawili: tangi liwe na umri wa mwaka na eneo kubwa la mchanga, na kila mdomo wa pampu uvishwe wavu au sifongo kabla hajaingia. Tufaha bahari anahitaji chembe ndogo za chakula zielee majini usiku na mchana. Ukimshibisha yeye unachafua maji ya wote.

Wengine wa kupita nao haraka. Nyota manyoya, wenye mikono kama unyoya wa mbuni, hufa na njaa nyumbani karibu wote. Kiti cha pweza cha buluu, Linckia laevigata, huonekana mzima kwa miezi kisha akaanza kumeguka. Konokono uchi, wale wenye rangi za khanga, wengi wao kila mmoja hula chakula cha aina moja tu, kama sponji au anemoni fulani. Anayenunulika ni Berghia pekee, na kwa kazi moja, kula anemoni wasumbufu wa Aiptasia. Wakiisha, naye anaisha, kwa hiyo mpitishe kwa jirani mapema. Chaza mkubwa wa Tridacna ni kinyume chao: chakula chake kikubwa ni mwanga, kupitia mwani unaoishi ndani ya nyama yake, na mwenye taa kali na kalisi isiyoshuka chini ya miligramu 400 kwa lita anaweza kuishi naye miaka mingi.

Chaza hao wote wako kwenye Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, pamoja na matumbawe magumu na baadhi ya jongoo bahari wa biashara, kwa hiyo kuwavusha mpaka bila karatasi ni kosa. Na kwa aliye Kenya: ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite huokoti kitu, hata gamba tupu. Nchi yetu ina wavuvi wenye leseni waliokuwa wakikamata samaki na kamba wa mapambo kwa soko la Ulaya na Marekani miaka mingi. Nunua kwao, na uulize mnyama alikamatwa lini na amekula nini tangu hapo. Muuzaji akikuonyesha akila mbele yako, hiyo ni thamani kuliko punguzo la bei.

Kama tangi ni lita 120 na mnyama wa kwanza bado hajaja

Ningeanza na bastola na gobi, nikawanunua siku moja. Wakiwekwa pamoja kwenye bakuli la giza wakati wa kuzoeshwa maji, mara nyingi huwa wameshagusana kabla ya kumwagwa tangini, na hilo hukuokoa wiki za kungoja wakutane. Maji ya tangi yadondoshewe bakulini tone kwa tone kwa mrija mwembamba wenye fundo, saa moja na nusu, mpaka ujazo uwe mara tatu. Kamba hawavumilii chumvi kubadilika ghafla kama samaki wanavyovumilia.

Kabla ya kuwaingiza, chagua mahali unapotaka shimo liwe, mbele, unapokaa. Laza jiwe bapa pale, chimba mwanzo wa handaki kwa kidole hadi uguse kioo, kisha sukuma bomba pana la plastiki hadi mlangoni na uwateremshe ndani yake taratibu, kamba kwanza. Zima taa zote hadi kesho yake asubuhi. Siku tatu za mwanzo hutaona kitu ila kilima cha mchanga kinachokua. Usiguse mawe, usimulike. Siku ya nne au ya tano, dondosha uduvi kidogo mlangoni, kaa kimya, na ungoje papasi moja nyembamba itokeze.